Mguu Usiouma

Baba alivua gambuti ili ashinde ubishi. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu wapo ndugu wanaonisifu mpaka leo kwamba niliwahi kuuona ugonjwa wake, kwamba binti mkubwa ana jicho. Wapi! Jicho gani? Baba alikuwa anashinda mbele ya pua yangu, amekalia robota la maturubai, na mimi napita na kurudi na wateja wangu. Ubishi ndio uliomvua kiatu.

Duka langu liko Makambako, upande ule malori yanakopumzika kabla ya kuishika njia ya Songea. Nauza maturubai na kamba. Mama alipofariki nilimtoa baba Mdandu nikamleta mjini kwa nguvu, maana alikuwa amegoma, na kwa kuwa hakuwa na shughuli nikampa kazi ya kukaa dukani. Aliinunia kazi hiyo mpaka alipompata mbishi mwenzake.

Mbishi huyo ni Mngoni, dereva mstaafu wa malori. Zamani gari lilimharibikia hapa Makambako, akasubiri vipuri, akaoa huku akisubiri, na vipuri vilipofika yeye alikuwa keshakuwa mwenyeji. Sisi Wabena na Wangoni ni watani. Maana yake Mngoni anaweza kuingia dukani kwangu akaniita gunia la viazi mbele ya wateja, na mimi siruhusiwi kununa. Naruhusiwa kumjibu tu, na mdomo ninao. Lakini kazi yenyewe ya mtani iko msibani. Yeye ndiye anayechimba kaburi, yeye ndiye anayeigiza marehemu alivyokuwa akitembea, mpaka wafiwa wanacheka na machozi usoni. Na akidai kitu cha marehemu, kiwe koti, kiwe fimbo, hata sufuria, unampa. Humnyimi mtani msibani. Tulipomzika mama, huyu huyu Mngoni alilidai koti alilovaa baba, kwenye mvua, na baba akalivua palepale bila neno akabaki na shati.

Jinsi wazee hawa walivyoingia kwenye mambo ya mbio, labda nilaumu bando langu. Siku moja duka limepoa nikawawekea video kwenye simu. Watu wanakimbia milimani mchana kutwa na usiku kucha, mbio ndefu kupita marathoni, zile zinazoitwa ultramarathoni. Wanatapika, wanajifuta, wanaendelea. Mmoja alilala juu ya jiwe kama mtu aliyeuawa, kisha akainuka akakimbia tena. Baba alivua kofia.

"Wamefukuzwa na nani?" aliuliza.

"Hakuna, baba. Wanashindana."

"Wanalipwa?"

"Wengine wanalipa wenyewe ili waruhusiwe kukimbia."

Nilidhani amepatwa na kitu, jinsi alivyobaki mdomo wazi. Tangu siku hiyo hapakuwa na amani dukani. Swali likawa moja tu: katika hawa wote, tangu dunia iumbwe, nani mkubwa kuliko wote? Mtani alimshika mkimbiaji wa jangwani, yule anayekimbia kwenye mchanga na jua linamchoma. Baba alimshika mama mmoja wa milimani aliyewaacha wanaume wote nyuma. Mimi nilikuwa na wangu, mzee mwembamba anayezunguka uwanja mmoja tu, mchana na usiku, hana mlima wa kutazama wala mto wa kuvuka. Nilisema huyo ndiye baba lao, kwa sababu mlimani akili ina kazi, lakini kuzunguka palepale kunataka moyo mwingine kabisa. Waliniambia nikapime kamba. Nilikasirika nikawazimia simu, wakaninunia mchana mzima, wazee wazima wa miaka sabini huko, wamegeuzia nyuso ukutani.

"Kwanza mnatafuta bingwa wa nini?" mtani alisema siku nyingine. "Mabingwa ni sisi. Wangoni tulitoka Afrika Kusini kwa miguu, tunakimbia na tunapigana, mpaka tukafika Songea. Kuna Mzungu gani amefanya hivyo?"

"Mlikuwa mnafukuzwa," baba akamjibu. "Anayefukuzwa hahesabiwi. Hata mwizi wa kuku hukimbia."

Watu waliokuwa wanashusha mzigo nje waliacha mzigo wakaja kucheka.

Sasa siku ya gambuti. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, baridi ile ya katikati ya mwaka inayoingia mpaka kwenye meno, na baba alikuwa amevaa soksi mbili na gambuti kama kawaida yake. Wazee walikuwa wanatazama mkimbiaji wa jangwani akiwa amekaa kando ya njia. Msaidizi anamvua soksi, kucha zimekuwa nyeusi, moja inaning'inia. Yule mtu analia, jamani, analia kwa sauti, halafu anavaa kiatu anaondoka.

"Huyo!" mtani akapiga goti. "Huyo ndiye mkubwa wao. Kucha hana na bado anakwenda."

"Analia kwa kucha?" Baba alikuwa amekereka kwelikweli. "Mtu mzima analia kwa kucha, ndiye unayenipa awe bingwa? Bingwa ni yule asiyeumia. Ngojeni niwaonyeshe mguu wa mwanamume."

Akainama, akaishika gambuti ya kushoto, akavuta. Harufu ilitangulia. Miye nilikuwa nimeizoea, nadhani ni mpira wa gambuti na soksi za baridi, lakini ilipotoka yote kwa mpigo nilirudi nyuma. Akavuta soksi ya kwanza. Akavuta ya pili, ikagoma, akaing'oa kwa nguvu, na kitu kikaanguka sakafuni kikalia, ti. Kilikuwa msumari. Msumari mfupi wa mabati, umepenya soli ya gambuti, umepenya soksi, umeingia kwenye wayo wa baba yangu, na hajui.

Kidole gumba kilikuwa cheusi kabisa, kama kuni iliyozimwa. Cha pili kilikuwa kinakifuata. Chini ya wayo palikuwa na tundu.

"Mnaona?" baba akasema, na alikuwa anacheka, ndugu zangu, anacheka kwa fahari! "Msumari! Na sikuusikia! Haya, mleteni huyo wa jangwani."

Nilipiga ukelele mpaka mwenye duka la jirani akadhani nimevamiwa. Nilimtazama mtani nikitegemea atasema neno lake la kuchekesha. Alikuwa ameshika simu yangu mkononi na yule mkimbiaji bado anaendelea kukimbia humo ndani.

"Funga duka," aliniambia. "Mimi nitabaki na funguo."

Nilikodi gari tukaenda Njombe hospitali. Njia nzima baba analalamika kwamba ubishi umekatishwa akiwa anashinda.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Alimgusa baba mguuni hapa na pale kwa kitu chenye ncha. "Unasikia hapa, babu?" Sisikii. "Na hapa?" Sisikii. Baba alijibu kama mwanafunzi anayepata vema. Yule binti alizidi kuinamisha uso. Kisha akanitoa nje akaniambia kwamba sukari, ambayo baba alikuwa ameacha kuimezea vidonge kwa kuwa hajisikii mgonjwa, imeua mishipa ya fahamu ya mguu. Ndiyo maana hauumi. Na uozo unapanda. Inabidi ukatwe chini ya goti, haraka, la sivyo sumu itaingia kwenye damu na tutampoteza.

Nilimwomba aje tumwambie baba pamoja.

Tulipomwambia baba, hakukasirika. Alimwonea huruma yule daktari.

"Mjukuu wangu," alimwambia, "jino likiuma linang'olewa. Umewahi kuona wapi mtu anang'oa jino lisilouma? Mguu wangu hauumi. Ukatwe kwa nini? Nenda kawakate wanaolia."

Na wodi nzima ikamuunga mkono! Mzee wa kitanda cha pili akasema ni kweli kabisa, yeye mwenyewe angekataa. Nilitamani nimfunike na mto.

Nilifikia kwa shangazi, mtaa wa Ramadhani, na ndugu wakaja kutoka Mdandu. Kikao kile sitaki hata kukikumbuka. Baba mdogo mmoja alisema kuna mtu huko Mlangali ana dawa ya kuloweka, mguu unarudi kuwa mwekundu. Mwingine akasema tuombe kwanza. Mchungaji akaja, mtu mwenye busara, akamwambia baba mbele yetu kwamba Mungu anaponya kwa mikono ya madaktari pia. Baba akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko sisi sote, kisha akakataa. Mimi nilipayuka. Nilimwambia baba unataka kufa, sema unataka kufa, usinizungushe! Nesi alinitoa wodini kama mlevi. Nikalia kwenye benchi nje, watu wanapita na chupa zao za chai wananiambia pole mama, na mimi hata kuwaitikia nashindwa kwa hasira.

Homa ikaanza. Baba akawa anasahau maneno katikati ya sentensi. Daktari akanieleza kwamba kadiri tunavyochelewa watalazimika kukata juu zaidi, na ikifika mahali hata kukata hakutasaidia. Nilipiga simu Makambako. Nilimwambia mtani: njoo umbembeleze, wewe anakusikiliza.

Alikuja na gari la mchana. Nilimwona kwenye lango la hospitali amevaa lile koti la baba alilolidai msibani kwa mama, na mkononi ana kipande cha kamba ya katani kutoka dukani kwangu. Sikumuuliza ya nini. Nilijua anakuja kuomba, kupiga magoti labda. Nilimtangulia mpaka wodini.

"Kamwene, marehemu," alimsalimia baba kwa Kibena.

Mtani akaikunjua kamba yake, ncha moja akaiweka kwenye utosi wa baba, akaanza kuinyoosha kitandani kuelekea miguuni. Nesi akaacha trei yake.

"Mzee! Unafanya nini?"

"Napima, sista. Mimi ndiye nitakayechimba. Ardhi ya Mdandu ina mawe, sitaki kuchimba shimo refu kwa mtu mfupi."

Toba! Nilitaka ardhi inimeze. Mzee wa kitanda cha pili alijifunika blanketi mpaka kichwani. Nilikuwa nimeshainua mkono nimpokonye ile kamba, utani au si utani, ndipo nikasikia sauti. Baba alikuwa anacheka. Kicheko dhaifu, kinakohoa, lakini kicheko.

"Mngoni wewe," alisema. "Hata kufa hunisubiri?"

"Wewe nitakusubiri. Lakini huyu sijui kwa nini tunamsubiri." Mtani akafunua blanketi, akaunyooshea kidole ule mguu kwenye bandeji. "Huyu alishakufa siku nyingi na hujatangaza msiba. Tangu lini Mbena akafiwa akaficha maiti kwenye gambuti?"

"Haujafa. Kufa kunauma."

"Nani kakwambia? Nimezika wangapi wa kwenu mimi? Umemsikia yupi akilalamika?" Mtani akakaa kitandani, na sauti yake ikashuka. "Yule wa jangwani uliyemcheka alikuwa analia kwa sababu miguu yake ni mizima. Ilikuwa inamwambia. Wako unakwambia nini? Msumari umeingia ukanyamaza. Unatembea na maiti, mzee mwenzangu, na hiyo maiti inakuvuta uende nayo."

Baba akatazama dari. Nilidhani tumeshindwa tena, nikaanza kugeuka. Ndipo mtani akasimama, akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, jinsi anavyofanya kaburini.

"Msiba upo, na mtani nimefika," alisema kwa sauti ya kusikika wodi nzima. "Nadai maiti yangu."

Nilipigwa na butwaa. Sikujua kwamba kitu hicho kinaweza kudaiwa. Nadhani hata yeye hakujua mpaka alipofumbua mdomo. Lakini nilimwona baba anavyopambana, maana daktari alimkataa, mchungaji alimkataa, mimi mwanawe wa kwanza alinikataa bila shida. Huyu alikuwa amesimama mbele yake mikono wazi, na baba katika maisha yake yote hajawahi kumnyima mtani msibani. Baba yake hakumnyima, na babu yake hakumnyima.

"Wa kushoto tu," hatimaye alisema. "Tamaa yenu Wangoni naijua."

Nilikimbia kumwita daktari, kabla hajageuka. Nilikimbia kwenye korido za hospitali na kitenge changu kinafunguka, na yule binti aliponiona alidhani baba amekata roho.

Walimkata asubuhi iliyofuata. Akatoka salama. Nesi akaniuliza kwa upole kama familia itauchukua ule mguu au hospitali iushughulikie, na kabla sijamjibu mtani alikuwa amesema ni wake. Tuliuzungushia turubai jipya, tukaupeleka Mdandu. Mwinjilisti wa pale alikuna kichwa. Alisema kitabu cha ibada hakina mazishi ya mguu, lakini hawezi kutuzuia kusali Baba Yetu, basi tukasali Baba Yetu. Mtani alichimba mwenyewe, akakataa vijana wasimsaidie. Akatoa na wasifu: kwamba marehemu alikuwa mvivu, alikwenda kanisani kwa kuburuzwa na mwenzake wa kulia, na katika mbio zake zote hakuwahi kumaliza hata moja. Baba wadogo walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa nimepona, kwa kweli, moyo ulikuwa mwepesi. Baba yangu anaishi.

Tulirudi Njombe alasiri ileile. Nilipitia kwa shangazi nikachukua uji kwenye chupa, tukaingia wodini, mtani mbele na kicheko chake tayari mdomoni.

"Tumeuzika vizuri," alisema kabla hata ya kufika kitandani. "Watu wamekula, wamekunywa."

Baba alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Uso ulikuwa umelowa.

"Unauma," alisema.

"Kidonda kinauma, baba," nikamwambia. "Kitapoa."

"Si kidonda! Mguu! Vidole! Kidole gumba kinaungua, kinaungua, kiondoeni motoni!" Na alikuwa ananyooshea kidole mwisho wa kitanda, upande wa kushoto, mahali blanketi lilipolala bapa na hapakuwa na kitu chini yake.

Nesi alikuja akamchoma sindano, akanieleza kwamba hutokea, akili bado inaudhania mguu upo, na kwa wengi hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Nilimsikia bila kumsikia. Baba yangu, ambaye hakudondosha chozi tunamfukia mama, alikuwa analia kwa sauti mbele ya wodi nzima, analia kwa ajili ya kidole nilichokifukia mchana huo kwa macho yangu.

Alimtazama mtani.

"Uliniambia umekufa," alisema. "Nilikupa kwa sababu uliniambia umekufa. Umenizikia mguu mzima."

Nilimgeukia mtani nikisubiri jibu. Mtu huyu ana jibu la kila kitu, ana jibu hata mbele ya jeneza. Alirudi nyuma hatua moja nikadhani anatoka, anakimbia, na sijui ningemlaumu vipi. Badala yake akapiga magoti mwisho wa kitanda, taratibu, magoti yakimlia. Akanyoosha mikono juu ya lile blanketi bapa, akashika kitu ambacho hakikuwepo, akaanza kukikanda.

Nesi alinitazama. Mimi nilimtazama nesi.

"Hapa?" mtani aliuliza.

"Juu kidogo."

"Hapa?"

"Hapo. Hapohapo. Polepole, una mikono ya usukani."

Akaenda polepole. Alikanda wayo, akashuka kwenye vidole, akavitenganisha kimoja kimoja kwa uangalifu, dole gumba la mwisho, na pumzi ya baba ikaanza kushuka. Mikono ikalegea kwenye chuma. Nilisimama pale na chupa yangu ya uji. Udongo wa Mdandu ulikuwa bado umemjaa mtani kwenye kucha, naye hakuacha kukanda.